AC ya BTU 12,000 inayouzwa kama "HP 1.5": pleti inasema nini, boksi linaficha nini

Ingia duka lolote la viyoyozi Kariakoo, uliza AC ya chumba cha kulala, utaletewa boksi lenye namba mbili kubwa: 12000 BTU (kipimo cha joto) na 1.5 HP (nguvu farasi). Muuzaji atakwambia ni kitu kimoja chenye majina mawili. Sasa toa simu, andika BTU 12,000 kwa saa, igeuze iwe HP. Jibu ni 4.72. Hapo mteja mmoja ataona kapunjwa, mwingine ataona kaokota dodo chini ya mwarobaini. Wote wawili wamekosea, na simu haina kosa.

Tunachokipima hapa ni AC ya kawaida ya ukutani, spliti (yenye sehemu mbili, indoo ya ndani na autodoo ya nje) ya BTU 12,000 isiyo inverta (haibadilishi mwendo, huwaka na kukata), gesi R410A, umeme wa volti 220 hadi 240, hezi 50. Chapa ni nyingi, lakini ukifungua mfuniko wa autodoo utakuta vitu vilevile: kompresa (pampu ya gesi), feni, kapasita (kifaa kinachosaidia mota kuanza), koili. Kwa hiyo haya yanazihusu karibu zote. Kwa kifupi, mashine yenyewe tunaipa alama nzuri. Maandishi ya kwenye boksi lake hatuyapi hata moja.

Boksi liache. Zunguka ubavuni mwa autodoo usome pleti, kile kibandiko cha fedha chenye herufi ndogo. Mstari wa Cooling Capacity utasema wati 3,517 au BTU/h 12,000. Mstari wa Power Input utasema kitu kama wati 1,100. Chini yake mkondo, tuseme ampea 4.9, halafu uzito wa gesi. Mistari miwili ya kwanza ndiyo mashine yote. Wa kwanza ni joto linalotolewa chumbani kila sekunde, wa pili ni umeme unaolipiwa ili joto hilo litoke. Vyote viwili ni wati, ila si wati za kazi moja, na ndipo watu wanapoteleza.

AC haitengenezi baridi. Inahamisha joto, kama mpagazi anayebeba magunia kutoka ndani kwenda nje: unamlipa kwa jasho lake, si kwa uzito wa magunia. Ndiyo maana umeme wa wati 1,100 unaweza kuhamisha joto la wati 3,517. Gawanya 3,517 kwa 1,100, unapata 3.2. Hiyo ndiyo namba ya ufanisi, na ni namba nzuri kwa mashine isiyo inverta. Baadhi ya watengenezaji huiandika kwa mtindo mwingine: BTU 12,000 gawanya kwa wati 1,100, yaani 10.9. Ukikuta AC moja imeandikwa EER (hiyo namba ya ufanisi) 3.2 na jirani yake EER 10.9, usikimbilie ya pili. Gawanya 10.9 kwa 3.412, utarudi palepale kwenye 3.2.

Sasa hiyo HP. Nguvu farasi ya James Watt ni pauni 33,000 zikiinuliwa futi moja kwa dakika moja, kazi ya mikono na kamba kabisa. BTU nayo ni joto la kupandisha pauni moja ya maji kwa digrii moja ya Fahrenheit. Kiungo kati ya kazi na joto alikitafuta James Prescott Joule kwa miaka mingi, akiangusha mizito ili izungushe makasia ndani ya maji, kisha akipima maji yamepata joto kiasi gani. Namba yake moja, 772.55, imechongwa kwenye jiwe la kaburi lake pale Sale, karibu na Manchester. Leo tunatumia 778.17: futi-pauni hizo zote kwa BTU moja. Zidisha 33,000 kwa dakika 60, gawanya kwa 778.17, unapata 2,544. Basi HP 1 ni BTU 2,544 kwa saa, au wati 745.7. Gawanya 12,000 kwa 2,544 na hiyo 4.72 ya simu inajitokeza. Hesabu haina dosari.

Ila 4.72 ni nguvu farasi za joto linalohamishwa. Umeme unaoingia, wati 1,100, ni HP 1.48. Ukitoa feni mbili na upotevu wa ndani ya mota, kazi halisi inayofika kwenye shafti ya kompresa hubaki HP 1 na kidogo. Mashine moja, HP tatu tofauti, na zote ni za kweli kila moja mahali pake. Ile ya kwenye boksi haijapimwa popote kati ya hapo. Ni jina la saizi, masalia ya zama ambazo mashine ilitajwa kwa ukubwa wa mota ya kompresa yake. Angalia jinsi inavyotumika dukani: BTU 9,000 huitwa HP 1, 12,000 huitwa 1.5, 18,000 huitwa 2, na 24,000 wengine huiita 2.5, wengine 3. Gawanya uone: HP moja ni BTU 9,000, mara 8,000, mara 9,000 tena, mara 9,600. Rula ya namna hii fundi nguo angeitupa jalalani.

Kuna wajanja wanaozidisha HP ya boksi kwa 746 wapate matumizi ya umeme. Kwa AC ya 12,000 hesabu hiyo inalenga kwa bahati: 1.5 mara 746 ni wati 1,119, karibu sawa na pleti. Bahati hiyo haiendi mbali. Kwa ufanisi uleule wa 3.2, AC ya 18,000 inakula kama wati 1,650, wakati "HP 2" ingekupa 1,492. Ya 24,000 inakula karibu wati 2,200, wakati "HP 2.5" ingekupa 1,865. Ukinunua stabilaiza au jenereta kwa hesabu hiyo, umenunua ndogo.

Walio na ndugu Muscat au Dubai wana mtego wa ziada. Kule AC huuzwa kwa tani. Tani moja ya upoozaji ni joto la kuyeyusha barafu pauni 2,000, kama kilo 907, kwa saa 24, na inatoka BTU 12,000 kwa saa kamili. Kwa hiyo AC yetu ya "HP 1.5" ni tani moja. Ndugu akituma ujumbe kwamba amepata ya "moja na nusu" kwa bei poa, anasema BTU 18,000, na wewe huku umeshaandaa ukuta na waya wa 12,000. Muulize BTU. Na muulize hezi pia: mashine iliyotengenezwa kwa soko la Saudi Arabia, ambako umeme ni hezi 60, kompresa yake hapa kwetu kwenye hezi 50 itazunguka polepole kwa moja ya sita.

Kuhusu vigeuzi vya vipimo, tahadhari mbili. Kikokotoo cha Windows, kwenye ukurasa wa nguvu, kina BTU kwa dakika, si kwa saa. Ukiandika 12,000 pale bila kuangalia, kitakujibu HP 283, injini ya lori la mzigo. Gawanya kwa 60 kwanza, yaani andika 200. Ya pili, vigeuzi vyenye orodha ndefu vina HP ya aina kadhaa. Ya kimetriki ni wati 735.5, tofauti ndogo isiyo na madhara hapa. Lakini ya boila ni BTU 33,475 kwa saa, mara kumi na tatu ya ile ya kawaida, na ukiigusa kimakosa AC yako itageuka HP 0.36. Kwa kazi ya kila siku huhitaji kigeuzi. Kariri 3.412 basi: BTU kwa saa gawanya kwa 3.412, umepata wati.

Na iwe 3.412, si 3,412. Ukigawanya 12,000 kwa 3,412 unapata 3.52, na wapo wanaosoma hiyo kama "uniti tatu na nusu kila saa" wakaghairi kununua. Hizo ni kilowati za joto. Mita ya Luku haihesabu joto, inahesabu umeme: 1.1 kwa kila saa ambayo kompresa inazunguka. Usiku wa saa 8 bila kompresa kukata ni uniti 8.8. Ikikata theluthi ya muda, kama inavyotakiwa kwa AC iliyolingana na chumba, ni karibu uniti 6. Hata hivyo, kwa Tanzania, nyumba iliyo kwenye ruzuku ya uniti 75 kwa mwezi ijue kabisa kwamba AC peke yake itaivusha mpaka huo kabla mwezi haujafika nusu.

Mkono wa pili wa hesabu uko nje. Umeme wote unaoingia kwenye kompresa huishia kuwa joto, na joto hilo haliendi mbinguni: linaungana na lile la chumbani na kutoka kupitia autodoo. Wati 3,517 na 1,100 ni 4,617, yaani BTU 15,750 kila saa zinatupwa na feni moja ya nje. Ukiiweka autodoo kwenye kibaraza kilichozibwa, au ukaifungia ndani ya kizimba cha nondo chenye mabati kwa kuogopa wezi, inameza hewa yake yenyewe. Uwezo wa kwenye pleti umepimwa nje kukiwa na digrii 35 na ndani 27. Autodoo inayovuta hewa ya digrii 45 haitoi 12,000, na ampea zinapanda. Nondo sawa, mabati hapana. Nyuma acha nafasi ya shibiri moja, mbele acha wazi.

Je, mashine yako inatoa hizo BTU kweli? Kipimo cha maabara ni cha gharama, lakini jagi, saa na kipimajoto cha elfu chache vinakaribia sana. Safisha filta kwanza, funga milango, weka feni ya indoo kwenye kasi ya juu, iache nusu saa. Pima joto la hewa inayoingia juu ya indoo na la inayotoka mdomoni. Kwenye kijitabu tafuta mtiririko wa hewa, mita za ujazo kwa saa. Zidisha mtiririko kwa tofauti ya joto, gawanya kwa 3, hizo ni wati za kupoza hewa. Halafu nenda kwenye bomba la maji machafu, kinga kwa dakika 15 kwenye jagi lenye alama za mililita. Kila lita kwa saa ni wati 680, kwa sababu mvuke ukigeuka maji kwenye koili unaacha joto lake hapo.

Mfano: mtiririko 560, hewa inaingia na 27 inatoka na 15, tofauti 12. 560 mara 12 gawanya kwa 3 ni wati 2,240. Jagi limepata mililita 400 kwa robo saa, yaani lita 1.6 kwa saa, wati 1,088. Jumla 3,328, mara 3.412 ni BTU 11,355. Kwa kipimo cha jagi, hiyo ni mashine iliyo salama. Ona pia kwamba karibu theluthi ya kazi ni kukamua maji hewani. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja ndivyo zilivyo, na fundi anayepima mdomo wa indoo tu akasema "haijafika digrii 10, gesi imepungua" anaiacha hiyo theluthi nje ya hesabu.

Jumlisha kipimo hicho na mita ya klampu (ya kupimia ampea) kwenye waya wa laivu, na magonjwa mengi yanajitaja. BTU chini na ampea chini, tuseme 3 na kitu badala ya 4.9: gesi imevuja. R410A haiishi kama mafuta ya taa, kwa hiyo kabla ya kuongeza, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba, hasa pale penye nati za fleya. Gesi yenyewe ni mchanganyiko, ijazwe ikiwa kimiminika na kwa mizani, si kwa kusikiliza mlio. BTU chini na ampea juu: koili ya nje imeziba vumbi au imeliwa na chumvi, joto halina pa kutokea. BTU chini, ampea karibu kawaida, na barafu kwenye koili ya ndani: filta chafu au feni ya indoo imechoka. Kompresa inanguruma, ampea zinaruka juu sana kisha brekaa inakata: angalia kapasita kwanza, kwa kawaida ya maikrofaradi 25 hadi 35, kitu cha bei ndogo, kabla hujakubali kuambiwa kompresa imekufa.

Hilo la kuwaka ndilo udhaifu mkubwa wa mashine hii. Ikizunguka inakula ampea 4.9, lakini kwa sekunde ile ya kuanza inavuta mara nne hadi sita. Chukua ampea 25 mara volti 230: ni VA 5,750 kwa kufumba na kufumbua. Jenereta ya kVA 2, ambayo kwa hesabu ya wati 1,100 ilionekana ya kutosha na kubaki, itazimika au itaiunguza mota. Volti zikishuka hadi 180, jambo la kawaida jioni kwenye laini ndefu, kompresa inaweza kushindwa kabisa kuanza ikabaki inanguruma. Weka kilinzi cha AC chenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5, brekaa yake peke yake ya ampea 16, na waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye bodi, si kutoka soketi ya pasi.

Chumba gani kinaifaa? Futi 12 kwa 12 hadi 12 kwa 14, dirisha moja, watu wawili, televisheni: inamudu, na kompresa itapata nafasi ya kukata. Lakini kabla ya kupima futi, hesabu wati zilizomo ndani, maana kila wati inayoliwa chumbani inarudi kama joto. Mtu aliyekaa ni kama wati 100. Feni ya wati 60 ni BTU 205. Saluni ndiyo inayoumiza watu. Draya ya mkono ya wati 2,000 ikiwaka ni BTU 6,824 kwa saa, zaidi ya nusu ya AC nzima. Madraya matatu ya kukalia ya wati 1,000 kila moja ni BTU 10,236, na hapo hujahesabu wateja, jua la kioo cha mbele, wala mlango unaofunguliwa kila dakika. Mwenye saluni ya futi 12 kwa 14 akiuziwa hii "kwa sababu futi zinalingana", ameuziwa feni ya bei mbaya. Aende 24,000, au ahamishie madraya chumba cha pili.

Ya inverta inazidi hii kwa mambo mawili ya kweli: inaanza taratibu bila ule mkupuo, kwa hiyo sola na jenereta ndogo zinaivumilia, na chumba kikishapoa inapunguza mwendo badala ya kukata na kuwaka. Pleti yake ina namba tatu kwa kila mstari, ya kawaida, ya chini na ya juu, na jina "HP 1.5" hapo ndilo halina maana kabisa. Ubaya wake ni bodi ya elektroniki ya autodoo, ambayo ikiungua kwa umeme mchafu au mjusi aliyeingia, bei yake haichekeshi. Kwa chumba kinachowashwa saa mbili tatu kabla ya kulala, isiyo inverta bado ni nunuzi la akili. Kwa kinachowaka usiku kucha kila siku, lipa tofauti.

Ukiagiza kwa simu, muuzaji akutumie picha ya pleti ya autodoo, si ya boksi, na isomeke: uwezo wa kupoza, umeme unaoingia, ampea, hezi, gesi. Gawanya wa kwanza kwa wa pili, vyote kwa wati. Ikifika 3 na zaidi, ongea bei. Ikiwa chini ya 2.8, au pleti haina mstari wa pili, mwache na boksi lake.